Neno la Hesedi na Safari Yangu ya Kuposa Rumonge

Wengi mmeniuliza, tena kwa kicheko, ilikuwaje nikaondoka Ujiji na kanzu mpya na kofia ya kushonwa, nikarudi na mtungi wa mawese tu. Habari hii imekwisha kupita mabaraza yote, na kila aliyeipokea ameitia chumvi yake. Basi naieleza mwenyewe, kituo kwa kituo, ili anayetaka kucheka acheke kwa haki.

Safari ilikuwa na sababu mbili. Niliyoitangaza ilikuwa neno la Kiebrania. Niliyoificha ilikuwa Tausi.

Nianze na neno. Mnamkumbuka Bwana Padri, yule Mdachi mwenye ndevu nyekundu aliyepanga nyumba nyuma ya soko. Alikuwa akiitoa Zaburi ya Daudi katika Kiebrania na kuitia katika Kiswahili, na kazi yangu ilikuwa kumsahihishia. Mimi ni Mwislamu, naye alilijua hilo. Alinichukua kwa sababu wafuasi wake walikuwa na adabu mno. Akikosea, walimwitikia amina. Mimi nilimwambia kwamba alichoandika hakisemwi na mtu mwenye akili timamu, naye akafurahi.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipokutana na hesedi. Herufi yake ya kwanza ni ile ha nzito ya chuo cha Kurani. Bwana Padri aliipata kwa kukohoa, mimi nikaipata bila taabu, na hilo lilinipa kiburi kidogo. Maana yake ndiyo iliyotushinda. Aliandika "huruma," akafuta. Akaandika "wema," akafuta. Akaandika "fadhili," akaitazama karatasi kama mtu aliyeletewa kiatu cha mwenziwe. Na neno lenyewe lilikuwa halikwepeki: iko zaburi moja ambayo kila mstari wake unaishia nalo, kuanzia juu hadi chini.

"Si huruma," aliniambia. "Huruma unampa hata mbwa. Hii ni ya watu waliofungamana. Mungu anayo kwa watu wake. Ruthu alikuwa nayo kwa mama mkwe wake, hata baada ya mume kufa. Na Daudi alikuwa nayo kwa nyumba ya Yonathani."

Akanisomea kisa hicho. Daudi na Yonathani walifanya agano. Yonathani akafa vitani. Daudi alipokuwa mfalme akauliza: je, amebaki mtu yeyote wa nyumba ile, nimtendee hesedi? Akapatikana mtoto mmoja, kiwete wa miguu yote miwili. Mfalme akamrudishia mashamba yote ya babu yake. Bwana Padri aliendelea kusoma, lakini mimi nilikuwa nimesimama kwenye mashamba. Nilijiambia: kumbe mtu akiwa na agano la baba yake mkononi, hata mfalme hawezi kumnyima kitu!

Sasa sababu ya pili. Msimu uliotangulia Tausi alikuja sokoni Ujiji na shangazi yake kuuza mawese kutoka Rumonge. Nilinunua mawese siku ile, nikanunua na siku ya pili, mpaka mama akauliza kama nimeanza kuyaoga. Tausi aliniambia jina la baba yake ni Songoro, na kwamba kama nayapenda mawese kiasi hicho, michikichi iko kwao, si sokoni. Basi nikamwambia Bwana Padri kwamba Rumonge kuna watu wa makabila mengi na huenda mmoja ana neno la hesedi. Akanipa ruhusa kwa moyo mweupe.

Asubuhi ya kuondoka mama alinifungia mihogo ya kuchemsha, akasema, "Ukishikwa na shida Rumonge, mtafute mtu anayeitwa Songoro. Marehemu baba yako alichanjiana naye damu."

Nilikaa chini. Songoro, baba yake Tausi! Wazee wetu walichanjana chale kifuani, wakapaka damu kwenye ini la mbuzi lililochomwa, kila mmoja akala ya mwenziwe. Hayo waliyafanya kabla hawajasilimu, na mwalimu wa chuo hakuulizwa. Sisi tuliozaliwa Ujiji tuliyahesabu kuwa mambo ya zamani. Lakini mimi nilipiga hesabu yangu ya mjini: kama baba zetu ni ndugu, Tausi ni binti ami, na kila mtu Ujiji anajua hakuna mke bora kuliko binti ami. Sikumwambia mama neno. Laiti ningemwambia! Angenivua kanzu palepale.

Tulitoka Ujiji kwa mtumbwi wa wachuuzi wa chumvi, tukipiga kasia huku milima imetukalia mkono wa kulia. Siku za kwanza hazina la kusimuliwa isipokuwa jua na makalio kufa ganzi. Kila tulipolala ufukweni niliwauliza wenyeji habari ya neno langu, kwa kuwa nilikuwa nimetumwa na sikutaka kurudi mwongo. Kagunga bibi mmoja aliyekuwa akianika dagaa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kitu cha namna hiyo kwao hakina jina, mtu anakifanya tu, na kama nina nafasi ya kuuliza maswali basi nina nafasi ya kufukuza kunguru. Nikafukuza kunguru.

Kabonga wachuuzi wa chumvi waliishia hapo, nami nikabaki sina chombo. Nilielekezwa kwa Bwana Rajabu, mwenye mitumbwi mikubwa na nyavu, mtu mnene ambaye kicheko chake kilitangulia mwili wake kutoka nyumbani.

"Amahoro, mwana wa Bujiji!" alisema. "Karibu. Kwangu hapa samaki iko, bugali iko, na makelele ya bibi zangu iko, hiyo ya bure."

Alinilisha sombe ya majani ya muhogo na samaki mukeke wa kuchoma mpaka nikashindwa kuinama. Aliposikia naelekea Rumonge alipiga paja. Yeye pia alikuwa akienda huko, kuna shughuli yake, na nafasi ipo mtumbwini. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwenyeji kama huyo. Naandika hivyo kwa sababu niliamini hivyo, wala sijaacha kuamini.

Nyanza tulisimamishwa. Malale, ule ugonjwa wa usingizi, yalikuwa yakitisha ufuko wote wa ziwa wakati ule, na Wadachi walikuwa wameamuru kila msafiri apapaswe shingo kama ina tezi. Msaidizi wa daktari alinipapasa kama anayenunua mbuzi, akaniachia. Rajabu alipofikiwa, alicheka kwa kutekenywa hata msaidizi akakata tamaa ya kuitafuta shingo yenyewe. Tuliporudi majini kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mimi sichekake ugonjwa ile," alisema. "Rafiki yangu ilimukamata. Nilimubeba mu mtumbwi hii hii, mpaka kwa munganga. Miezi yote alikuwa kule, nyumba yake ilikula kwangu."

"Akapona?"

"Alipona. Sasa ananipatia binti yake."

Tulipumzika Kigwena, pale msitu unaposhuka karibu na maji. Nyani walikuwa wakitupa makokwa ya ngazi, matunda ya mchikichi, kutoka juu ya michikichi, na wapiga makasia wakawatupia matusi. Nilikuwa nakula muhogo wangu kwa raha nilipomwuliza Rajabu, kwa adabu tu ya safari, huyo rafiki anaitwa nani.

"Songoro. Na binti iko Tausi."

Muhogo ulinikaa kooni. Rajabu akanipiga mgongoni kwa huruma mpaka ukashuka. Ndipo nilipoelewa kwamba nimekula chakula cha mpinzani wangu, nimelala kwenye mkeka wake, na sasa ananipeleka kwa mchumba wangu kwa makasia yake mwenyewe. Mtu mwingine angeona haya. Mimi nililishika agano la baba yangu moyoni nikajisemea: yeye ana mtumbwi, mimi nina damu, na damu ni nzito kuliko maji.

Rumonge tulifika alasiri. Ni mji wa michikichi na moshi wa samaki, na watu wake ni mchanganyiko: Wamanyema, Wabwari, Warundi, na waliochoka kueleza. Songoro alitutokea mlangoni, mwembamba, anatembea polepole kama mtu aliyeazima miguu. Alimkumbatia Rajabu. Mimi akanisalimu kwa upole anaopewa mgeni yeyote. Nyuma yake, kando ya jungu la mawese, Tausi aliniona, akaugeuza uso upande wa pili, lakini si kabla sijaona kwamba anatabasamu.

Sikungoja. Nilifungua kanzu mbele ya watu, nikagusa kifua mahali pa chale za baba, nikasema, "Mzee, mimi ni Feruzi, mtoto wa Hamisi wa Ujiji, uliyechanjiana naye."

Songoro alishika nguzo ya nyumba. "Hamisi? Baliniambia nyumba ya Hamisi yote ilikufa na ndui." Akanikaribia, akanishika uso kwa mikono miwili. "Kumbe iko mutu alibaki?"

Alilia. Mzee mzima alilia bila kujificha, nami nikajikuta nalia pia, kwa sababu sikuwa nimesikia mtu akimlilia baba tangu utoto wangu. Alichinja mbuzi. Alinikalisha kulia kwake, akanimegea ini kwa mkono wake, na kila jirani aliyepita aliitwa aje kuona mtoto wa Hamisi. Rajabu alifurahi kuliko wote. Kumbe hesedi ndiyo hii, niliwaza huku nikitafuna, na kesho nitapewa mashamba.

Asubuhi ya pili mkeka ulitandikwa, maana Rajabu alikuja na shughuli na shughuli haina budi kusemwa. Walikaa Songoro, Rajabu, majirani wachache, na shangazi yake Tausi mwenye upawa mkononi. Kabla Rajabu hajafungua mdomo, nikasimama. Nilieleza Kiebrania. Nilieleza habari za Daudi na Yonathani, na kiwete, na mashamba. Nilieleza kwamba mfalme hakuweza kumnyima mtoto wa mwenye agano. Kisha nikamalizia, kwa sauti niliyoiona tamu: "Kwa hiyo, kwa damu ya baba yangu, namwomba binti ami yangu Tausi awe mke wangu."

Upawa ulianguka. Majirani walitazama chini. Hata kuku, naapa, walinyamaza.

"Astaghafiru," alisema Songoro. "Mwanangu, hii ni nini unasema?"

Shangazi ndiye aliyenieleza, kwa kelele, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Kwao, damu iliyoliwa si kama ami na ami wa Ujiji. Damu iliyoliwa ni tumbo moja. Mtoto wa Hamisi ni mtoto wa Songoro, na Tausi ni dada yangu kana kwamba tulinyonya titi moja. Atakayevunja hilo, damu ile ile itamkata. "Ungekuya mugeni tu," alisema, "ungeposa kama bantu bengine. Ni mudomo yako imefunga njia!"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Rajabu alicheka mpaka akalala chali, na wawili walimsaidia kukaa. Songoro peke yake hakucheka. Alisema shughuli iahirishwe mpaka alasiri, kwa sababu mtoto wake ameaibika.

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, pale ngazi zilizochemshwa hutwangwa na mafuta kuenguliwa. Nilikuwa na hasira na baba yangu, na ini la mbuzi, na Mfalme Daudi. Nikaapa kwamba nitapanda mtumbwi wowote unaokwenda kusini na Rumonge sitaiona tena. Tausi alikuwa kwenye jungu, anaengua mafuta mekundu kwa kibuyu.

"Kaka," alisema.

Mara ya kwanza kuniita hivyo. Niliwahi kupigwa fimbo chuoni, haikuuma vile.

"Usiniite hivyo."

"Nitakuita nini? Ndiyo wewe, kaka." Aliendelea kuengua, macho yake yako junguni. "Sikia. Mimi simutaki Rajabu. Si mutu mubaya, lakini simutaki. Baba anajua. Lakini baba hawezi kumukatalia, ule alimubeba akiwa mugonjwa. Hapa kwetu jibu ya mukeka si ya baba, iko ya kaka. Na mimi sikukuwa na kaka, basi baba angejibu ndiyo, kwa haya tu." Akanyanyua uso. "Jana nimepata kaka."

Nilimtazama. Nilitaka kuuliza jambo moja, nikaliuliza, kwa kuwa nilijua sitapata tena ruhusa ya kuliuliza. "Na kama hakungekuwa na damu?"

Alirudia kuengua pale alipokwisha kuengua. "Mawese iko moto, kaka," alisema. "Angalia mukono."

Nilikaa pale kwenye kinu kilichopinduliwa. Sitawadanganya: nilifikiri mabaya. Ningeweza kusema ndiyo, Rajabu amchukue, nami nipewe mbuzi wa kaka katika mahari na nafasi mtumbwini. Ningeweza pia kusema hapana kwa wivu, na hakuna ambaye angetofautisha. Kilichoniuma ni kwamba yote niliyokuja nayo yalikuwa ya kudai. Nilikuwa nimelishika agano la baba yangu kama fimbo ya kuchumia embe.

Alasiri tulirudi mkekani. Rajabu alisema maneno yake vizuri, bila mzaha, kama mwanamume. Songoro akaniinamia: "Dada yako anaombwa. Jibu iko kwako."

"Bwana Rajabu," nilisema, "nimekula kwako na sijasahau. Lakini dada yangu hataki, nami nasema hapana."

Rajabu alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nyuma ya kicheko kile mna akili kali. "Unakatala kama kaka," aliuliza, "ao kama bwana arusi ile banamunyima?"

Swali lilikuwa la haki, na Tausi alikuwa mlangoni anasikia. Kama ningejibu vibaya, neno langu lingekuwa la mpinzani, si la kaka, na Songoro angelazimika kusema ndiyo kwa haya zake.

"Asubuhi ningekataa kama bwana arusi," nilisema. "Sasa nakataa kama kaka. Na nitakupa rehani. Siku atakapokuja mtu ambaye Tausi mwenyewe anamtaka, niiteni. Nitatoka Ujiji kwa kasia, nitaketi hapa nilipoketi, niseme ndiyo kwa mdomo huu huu. Nisipokuja, damu ya baba yangu inikate."

Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema undugu ni kufaana. Kisha tumbo la Rajabu likaanza kutikisika, kicheko kikaja nyuma yake.

"Huyu iko kaka," alisema. "Bwana arusi hawezake kuapa vile. Songoro, mimi na wewe hatuna deni. Nilikubeba sababu ulikuwa muzito kuacha. Na wewe, shemeji niliyekukosa, kesho nashuka Kabonga. Utapanda, ao utatembea?"

Nilipanda. Tausi aliniletea mtungi wa mawese mpaka ufukweni, akaufunga vizuri kwa majani ya mgomba. "Salimia mama, kaka. Usiumwage njiani, kaka. Kuya tena, kaka." Njia nzima hadi Kabonga wapiga makasia waliniita kaka, wakiongozwa na mwenye mtumbwi.

Nilipofika Ujiji nilimwona mama kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa nini sikumwambia kabla, akacheka, halafu akanishika mkono akalia kwa ajili yangu. Kisha nikaenda kwa Bwana Padri, nikamweleza yote. Hakucheka. Aliinuka akafungua kile kisa cha Daudi, akaweka kidole.

"Mwisho wake nilikusomea," alisema. "Yule kiwete hakupewa mashamba tu. Alikula mezani pa mfalme siku zote, kama mmoja wa watoto wa mfalme."

"Ulinisomea, Bwana. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nimeshafika Rumonge."

"Basi tuandike nini?"

Nilifikiri. Nikamwambia fadhili haikosi utamu, lakini sisi fadhili humpa mtu wa nje, akashukuru akaenda zake. Hii ni ya mtu aliyeingizwa ndani, na akishaingia, hachagui tena pa kuketi. Anapewa mahali pake, na mahali pale pana kazi. Mwishowe Bwana Padri aliiacha fadhili ibaki, kwa kuwa hakuna mstari wa zaburi unaoweza kubeba maneno yote yale, akanitaka kila nitakaposikia ikisomwa niyakumbuke mwenyewe.

Kiangazi kilichofuata wapiga makasia wa Rajabu walinipitia na salamu: amekuja mchonga mitumbwi kutoka Kigwena, na Tausi anamtaka. Nilitoka kwa kasia. Niliketi pale pale, kulia kwa Songoro. Mchonga mitumbwi alikuwa na mikono mizuri na aliogopa kunitazama. Nikauliza maswali ambayo kaka huuliza, nikayarefusha kidogo, Mungu anisamehe. Kisha nikasema ndiyo. Rajabu, aliyekuwa amekuja na samaki wa arusi, alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Bwana Padri alipomaliza kazi yake aliniita tuisome kwa mara ya mwisho ile zaburi ambayo kila mstari unaishia kwa neno letu. Zamani niliwahi kumwambia apunguze, msomaji atachoka. Neno limeshasikika, ya nini kulirudia? Safari hii sikusema kitu. Maana kila mavuno mtungi wa mawese hunifikia kutoka Rumonge, na anayeuleta huambiwa asiondoke kabla hajanipa salamu zote kama zilivyotumwa: Mtoto amezaliwa, kaka. Tumempa jina Hamisi, kaka. Baba anatembea vizuri sasa, kaka. Mahali pako iko, kaka.